Mpangaji wa Chini ya Sakafu

Nyumba ile ilikuwa ya mwisho mtaani. Baada ya ukuta mfupi wa uani hakukuwa na kitu tena ila ukingo wa jabali, na chini ya jabali bahari ikipiga mchana kutwa. Wapangaji waliotangulia hawakudumu. Mmoja alihama upesi hata mapazia akayaacha yakipepea madirishani. Ukiuliza sababu, majirani walikuambia ni upepo.

"Upepo wa pale hauna adabu," alisema mwenye duka la kona, kisha akajitia kushughulika na mizani yake.

Mama Vigae hakuwa mtu wa kutishwa na upepo. Jina hilo alipewa na wateja, kwa kuwa kazi yake ilikuwa kumwaga sakafu na kupanga vigae, na kwa kuwa hakuwa na mtoto wa kumwitia. Waliomchokoza kwa hilo aliwajibu, "Wanangu ni vigae. Nikishawalaza, wamelala." Magoti yake yalikuwa na sugu kama ya ngamia. Akiingia nyumba ya mtu, kabla hajatazama kuta wala dari, alikuwa ameshaisoma sakafu. Ya nyumba hii ilimridhisha. Fundi aliyeimwaga, popote alipo, hakuwa mchoyo wa saruji. Ila chumba cha nyuma, kile kilichoelekea jabali, alipokigonga kwa kisigino kiliitika kama mtungi mtupu.

"Chini kuna uwazi," alimwambia mumewe. "Udongo umekimbia."

"Acha ukimbie, mradi sisi hatukimbii," mumewe akajibu. Yeye alikuwa dereva wa kreni bandarini. Alishinda juu angani peke yake, ndani ya kibanda cha vioo, akipakua makontena, na akirudi nyumbani alitaka vitu viwili tu: chakula na kimya.

Chumba cha nyuma akapewa mama mkwe, kwa sababu yeye mwenyewe alikitaka. "Nataka niisikie bahari," alisema, na hakuna aliyembishia, maana wote walijua bahari ilimfanya nini. Kitindamimba wake, mdogo wake dereva wa kreni, alikuwa ameajiriwa kwenye meli ya mizigo, chumba cha mashine. Meli ilifika bandari iliyofuata bila yeye. Mabaharia walisema jioni walimwona sitahani amesimama akivuta sigara, na kulipokucha kitanda chake hakikuwa kimelaliwa. Basi. Hapakupatikana mwili wala kaburi, wala kiatu. Tangu siku ile kaka yake hakulitaja tena jina la mdogo wake, hata kwa bahati mbaya. Mama yao naye hakuacha kulitaja.

"Hajafa," alizoea kusema. "Amechelewa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama Vigae alikuwa amejifunza kuitikia "ndiyo, Mama" na kuendelea kumenya viazi.

Sauti waliisikia kwa mara ya kwanza jioni moja mwezi ulipoandama. Mama Vigae alikuwa jikoni akiosha vyombo. Kwanza alidhani mama mkwe anaumwa, kwa maana aliyoyasikia yalikuwa ni maguno, mazito, ya mtu anayejigeuza kitandani kwa maumivu. Kisha yale maguno yakapanda, yakapanda, mpaka yakakatika na kuwa kicheko chembamba cha haraka, kama cha mtoto anayetekenywa mbavu. Kimya. Halafu maguno tena.

Sahani ikamponyoka ndani ya maji. Akaenda mbio chumba cha nyuma huku mikono ikimdondoka povu.

Mama mkwe alikuwa ameketi sakafuni, miguu ameinyoosha, kiganja amekilaza juu ya saruji kama mtu anayempima mgonjwa homa. Uso wake ulikuwa umekunjuka. Mama Vigae hakuwahi kumwona hivyo tangu aolewe.

"Umesikia?" mama mkwe akanong'ona.

"Nimesikia, Mama. Ni nini?"

"Ungeuliza ni nani."

Na chini ya kiganja chake, chini ya saruji, kitu kikacheka.

Mumewe aliporudi kutoka kazini walimweleza. Alisikiliza huku akivua viatu. "Hewa kwenye mabomba," alisema.

"Hilo bomba linacheka, bwana we?"

"Nyumba za kando ya bahari zina mambo yake. Nipe chakula."

Lakini sauti ilipoanza, Mama Vigae alimwona kijiko kimemsimamia katikati ya sahani na kinywa. Kisha akaendelea kula, upesi, kama mtu anayefukuzwa.

Ikawa ndiyo desturi ya nyumba. Giza likishaingia, mama mkwe hushuka kitandani, hukaa sakafuni na kuzungumza. Husimulia bei za sokoni, magoti yake yanayouma, nani kafa na nani kaoa. Akinyamaza, anajibiwa. Akisema tena, chini kunanyamaza. Mama Vigae alisimama mlangoni mara nyingi kutega sikio, na kilichomsisimua damu si ile sauti yenyewe bali adabu yake. Haikumkatiza mama mkwe hata mara moja.

"Leo hayupo," mama mkwe alisema asubuhi moja wakati wa chai, kama anayezungumzia jirani.

"Nani, Mama?"

"Yeye. Aliyepo ni mwenzake, na huyo si msemaji. Wanapokezana. Mmoja hubaki na amana, mwingine huenda mbali, kule ambako maji hayana mwisho, akakaa siku nyingi. Akirudi huwa anacho cha kusimulia." Akapuliza chai yake. "Mwezi ukiwa mpevu haji. Hapendi kuonekana."

Dereva wa kreni akainuka mezani bila kumaliza.

Alivumilia mpaka asubuhi aliyomkuta mama yake amelala sakafuni bila hata shuka, shavu limegandamana na saruji, anatetemeka, midomo imebadilika rangi. Walimfunika mablanketi, wakamkanda miguu. Alipopata nguvu ya kusema, alisema, "Msipige kelele, ndio kwanza kasinzia."

Mumewe akamvuta Mama Vigae uani. "Wewe ni fundi," alisema. "Popote hiyo sauti inapopita, paone, upazibe. Nimeshampoteza mmoja." Ndiyo mara ya kwanza alikaribia kumtaja mdogo wake.

Basi mchana ule Mama Vigae akauzunguka msingi. Nyuma ya nyumba, kati ya majani magumu yaliyoota kando ya jabali, aliliona tundu. Lilikuwa chini kabisa, ukuta unapokutana na ardhi, upana wake kama wa bakuli, na ukingo wake ulikuwa laini, umesuguliwa kwa kupitwapitwa miaka mingi. Hapakuwa na kinyesi cha panya wala mifupa. Kulikuwa na harufu tu. Alipiga magoti akainusa: chumvi, mafuta, na kitu kingine kama nguo za mtu zilizofungiwa sandukuni muda mrefu. Akamulika tochi. Tundu liliingia ndani kiasi, kisha likapinda kuelekea chini ya chumba cha mama mkwe.

"Hodi," alisema, akajicheka mwenyewe.

Hapakujibiwa. Akarudi na karai, mchanga, saruji, mawe na mwiko. Alikoroga mchanganyiko mzito, akashindilia mawe, akapiga lipu, akalainisha kama vile kuna mteja amesimama nyuma yake. Na alipokuwa akipitisha mwiko mara ya mwisho, alihisi kitu kwenye mpini. Kidogo sana, kama mtu anayegonga kwa ukucha upande wa pili.

Aliutuliza mwiko, akangoja. Hakuna.

Mawe yanakaa, alijisemea. Mawe mapya hukaa. Akaosha vifaa vyake akaingia ndani, na hakumwambia mtu.

Jioni ile ukungu ulipanda kutoka baharini ukaifunga nyumba. Walikuwa mezani, mama mkwe naye amejikongoja akaja, kajifunika shali. Kimya kilikuwa kingi. Dereva wa kreni alishusha pumzi na kusema, "Umeona? Mabomba," akamtazama mkewe kwa shukrani.

Ndipo sauti ikaja kutoka nje.

Ilikuja juu ya paa, katikati ya ukungu, ikapita, ikazunguka ikarudi. Safari hii haikuguna wala kucheka. Ilikuwa ikiita. Na kutoka chini, ikipenya saruji kama sauti ya mtu aliyefunikwa mto usoni, ya pili ikaitika. Ya juu ikauliza, ya chini ikajibu. Kitu kikajipigiza ukutani nyuma ya nyumba, kikaanguka, kikaanza kukwaruza.

Mama mkwe akasimama. Kiti kikaanguka nyuma yake.

"Mkaza mwanangu," alisema taratibu, "umefanya nini leo mchana?"

"Nimeziba tundu, Mama."

"Umemzika." Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali angepiga. "Umemzika mwanangu yu hai."

Mumewe akamkumbatia mama yake asitoke. Mama Vigae hakungoja. Alichukua nyundo na tindo, akatoka mbio hadi nyuma ya nyumba, tochi ameibana kwapani. Ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuuona ukingo wa jabali, aliusikia tu. Akapiga magoti. Saruji ilikuwa imeanza kushika, na kwa mara ya kwanza maishani alijilaani kwa kuijua kazi yake vizuri. Alipiga tindo mpaka vidole vikachubuka. Lipu ikapasuka, jiwe la kwanza likatoka, la pili, la tatu. Na wakati wote huo kitu kilikuwa kikizunguka juu ya kichwa chake, kikimpepea utosini, kikiita.

Akalala kifudifudi, akatumbukiza mkono mpaka begani.

Hewa ya ndani ilikuwa ya uvuguvugu. Mkono ukapita kwenye kona, vidole vikapapasa udongo mkavu, majani makavu, kisha kitu kikamshika. Kilimshika kidole kwa ndoana, kwa nguvu, na papo hapo maji ya moto, mazito kama mafuta, yakamwagikia mkono wote hadi kwenye kiwiko. Lakini hakuutoa mkono. Nyuma ya ile ndoana alihisi manyoya, na chini ya manyoya moyo unaopiga haraka kuliko anavyoweza kupiga mtu, na chini ya moyo, yai.

Akauvuta mkono polepole. Kabla hajainuka, kitu kilidondoka kutoka kwenye ukungu, puu, karibu na kichwa chake. Kiliinuka, kikapepesuka kama mlevi, kikajisukuma kwa kifua, kwa kuwa miguu yake haikuweza kukibeba. Kilipita karibu na shavu lake, akauona mgongo mweusi, tumbo jeupe, na jicho moja lililomtazama bila kumjali. Kikaingia tunduni. Na kule ndani kukaanza mazungumzo ya chinichini, ya haraka, ya wawili wanaopokeana safari.

"Ni ndege." Mumewe alikuwa amesimama nyuma yake. Alicheka, akacheka mpaka akakaa chini kwenye majani. "Ndege tu! Mama! Njoo uone, ni ndege!"

Mama yake alikuwa kwenye kona ya nyumba, peku, amejishika ukutani.

"Nimeona," alisema. "Kwani mtu akirudi, ni lazima arudi na miguu yake?"

Kicheko kikamkauka mwanawe kinywani.

Harufu ya mkono haikutoka. Mama Vigae alijaribu sabuni, majivu, ndimu, mafuta ya taa. Akilala ilikuwa pale, chumvi na sanduku la zamani. Mwisho alikwenda kwa daktari wa mifugo, mzee mcheshi aliyekuwa na zahanati yake nyuma ya soko. Alimkuta akimfunga mbwa bandeji. Hata hajamaliza kueleza, mzee aliinua pua.

"Umetemewa," alisema. "Huyo ni petreli."

"Petroli?"

"Petreli, mama! Ila hujakosea sana, mafuta anayo." Alicheka peke yake, mbwa akamtazama. "Wengi hawamjui kwa sababu hakai na sisi. Maisha yake yote yuko bahari kuu. Hunywa maji ya chumvi, chumvi akaitolea puani. Ana vijibomba viwili juu ya mdomo. Hulala hukohuko. Nchi kavu anaijia kwa jambo moja tu, kuzaa, na huja gizani maana hawezi kutembea, na mwenye kumla ana macho. Shimo lake analijua kwa harufu. Umwekee mashimo mia, ataingia lake."

"Na wako wawili?"

"Dume na jike, na yai moja tu kwa mwaka. Mmoja huatamia, mwingine huondoka siku nyingi, akaenda mbali kuliko meli zinavyopenda kwenda. Akirudi wanapokezana zamu. Mwezi ukiwa mpevu hawasogei pwani."

Mama Vigae alijikuta ameshika ukingo wa meza. "Mama mkwe wangu aliyasema hayo," akasema. "Neno kwa neno. Hata amana aliitaja. Wala hajawahi kumwona huyo ndege."

Daktari alikaza fundo la bandeji. "Sauti ya dume na ya jike hazifanani," alisema. "Mtu mwenye subira akisikiliza vizuri, anaweza kujua nani yupo na nani kaondoka."

"Na kwamba anakwenda ambako maji hayana mwisho? Hilo alilisikiaje?"

Mzee akarudi kwa mbwa wake. "Hilo sijui, mwanangu."

"Na yai? Lilibaki limefungiwa, labda lilipoa."

"Mayai ya hawa yana subira kuliko sisi. Hupoa, yakaatamiwa tena, yakaendelea. Siahidi. Lakini hupoa, yakaendelea."

Tundu likaachwa wazi. Mama Vigae alilipangia mawe ukingoni ili udongo usiporomoke, kazi nzuri kuliko nyingi alizowahi kulipwa. Mama mkwe hakumlaumu tena. Alimwekea tu mto wa kukalia pale sakafuni, na tangu hapo wakawa wanakaa wote wawili jioni, mama mkwe akisema, Mama Vigae akishona vifungo vya mashati. Dereva wa kreni yeye hakuingia chumba kile. Akipita mlangoni alitazama mbele.

Siku yai lilipoanguliwa, hakuna aliyehitaji kuambiwa. Kulikuwa na sauti ya tatu, ndogo kama bawaba kavu. Baada ya majuma kadhaa daktari alikuja amevaa glavu za ngozi, akaingiza mkono, akamtoa kinda, na wote wakaangua kicheko. Alikuwa mnene kuliko wazazi wake, mpira wa manyoya ya kijivu, kama mto uliopasuka, na mdomo wenye ndoana umechomoza katikati. Mama mkwe alimgusa vijibomba vya puani kwa ncha ya kidole. Kinda hakumtemea.

"Ajabu," daktari alisema, akajifuta jasho. "Mimi ameshaniharibia shati."

Kisha wazazi wakaacha kuja. Jioni ya kwanza Mama Vigae alidhani ni mbalamwezi. Lakini mwezi ulipungua, ukafa, na juu ya paa hapakuwa na kitu. Chini ya sakafu kinda alilia, akalia kidogo, akanyamaza. Kimya kile kilikuwa kibaya kuliko maguno yote.

"Wamemwacha," Mama Vigae alisema. "Daktari alinieleza. Humlisha mpaka ananona, halafu siku moja wanaondoka, hawarudi. Njaa ndiyo inayomtoa." Alikuwa na hasira, hakujua na nani. "Nimpelekee samaki, Mama? Nimkatiekatie?"

"Ukimlisha sasa hataweza kuruka." Mama mkwe alikuwa ameufumba mkono wake juu ya saruji. "Mwache akonde. Anafikiri."

Ilikuwa jioni ya upepo mkali kutoka baharini wakati mama mkwe alipoweka kijiko chini katikati ya chakula na kusema, "Leo anaondoka. Nileteeni shali langu."

Mwanawe alitaka kukataa. Badala yake akainuka mezani. Akaenda kulileta yeye mwenyewe.

Mama mkwe akaketi juu ya ukuta mfupi wa uani, uso kuelekea bahari, miguu upande wa jabali. Giza lilikuwa tupu, hata nyota hazikuwapo. Dereva wa kreni alisimama nyuma yake ameishika ncha ya shali kwa mikono miwili, kama anavyoshika mtu kamba ya mbuzi karibu na kisima. Mama Vigae alikuwa pembeni na tochi iliyozimwa. Mama mkwe alimkataza asiiwashe.

Walisikia kabla hawajaona. Majani yalichakachaka. Kitu kilijikokota kwa kifua, kikapumzika, kikajikokota. Kikafika ukutani, kikaanza kupanda kwa kucha na mdomo, kikateleza, kikaanza upya. Kwa mwanga hafifu wa dirishani Mama Vigae aliona si mpira wa manyoya tena. Alikuwa mwembamba, mabawa marefu mno kwa mwili wake, mabaki machache ya manyoya ya kitoto shingoni. Alipofika juu ya ukuta hakusimama. Aliushika mgongo wa mama mkwe na kuendelea kupanda.

"Mama!" mwanawe akanong'ona.

"Tulia."

Alipanda kwa ndoana ya mdomo na kucha, hatua kwa hatua, akilitoboa shali na ngozi iliyo chini yake. Mama mkwe hakutikisika. Kwenye shingo yake michirizi miwili myembamba ya damu ilishuka, nyeusi katika giza. Ndege akafika begani. Akatulia pale akihema. Kisha akageuza kichwa, akauingiza mdomo kwenye nywele za mama mkwe, sikioni, akakaa hivyo.

Mama Vigae hakusikia kitu. Ila alimwona mama mkwe akiitikia kwa kichwa, mara moja, taratibu, kama mtu aliyeelezwa jambo na kulikubali.

Mabawa yakafunguka. Upepo ukayajaza, ukalijaza na shali, na mama mkwe akainuka juu ya ukuta, kidogo tu, kama mtu anayetaka kuona kitu kilicho nyuma ya watu. Mumewe Mama Vigae aliapa baadaye, na hakuwa mtu wa kutia chumvi, kwamba kwa kitambo kile mikononi mwake hapakuwa na uzito wowote. Shali lilikuwa kama halina mtu. Alitaka kuvuta, akaogopa kwamba akivuta ataona limekuja peke yake.

Kisha ndege hakuwapo. Hapakuwa na kishindo wala mlio. Begani palikuwa patupu tu, na mama mkwe alikuwa mzito tena, akiangukia kifuani kwa mwanawe.

"Haya," alisema. "Nishusheni, baridi."

Jikoni Mama Vigae alimsafisha majeraha ya shingo kwa maji ya uvuguvugu. "Alikuambia nini, Mama?" aliuliza, akijua swali ni la kijinga, akalitaka jibu lake hata hivyo.

"Hayo ni yangu." Mama mkwe akamgeukia mwanawe aliyekuwa amesimama mlangoni. "Marehemu mdogo wako," alisema, "alikuwa hapendi kuagana. Tangu mtoto. Akienda shule alipitia dirishani."

Hakuna aliyekuwa amethubutu kulitumia neno lile katika nyumba yao. Dereva wa kreni alilisikia, akageuka, akaenda uani, akakaa huko muda mrefu.

Baada ya siku ile mama mkwe alilala kitandani kama watu wote. Alinenepa kidogo. Alianza kugombana na mwenye duka la kona kuhusu mizani, jambo ambalo mtaa mzima ulilichukua kuwa dalili ya afya. Jina la kitindamimba alilitaja alipotaka kulitaja, kama tunavyowataja waliokufa, kwa kicheko kidogo na pumzi ndefu. Na msimu ulipozunguka na maguno yakaanza tena chini ya sakafu, aliinua kichwa kutoka kwenye mto, akasikiliza.

"Hao ndege wamerudi," alisema. "Msije mkawazibia." Akageukia ukutani, akalala.

Ilikuwa katika msimu huo ambapo Mama Vigae aliamka siku moja kabla ya alfajiri, akapapasa upande wa pili wa kitanda, akaukuta umepoa. Hakumkuta mumewe jikoni wala uani. Mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa umeachwa wazi kidogo. Ndani, mama mkwe alikuwa akikoroma taratibu, na chini ya kitanda chake, kwenye saruji tupu, dereva wa kreni alikuwa amelala kifudifudi, amevaa nguo za kazi, sikio amelibana sakafuni.

"Bwana we," Mama Vigae alinong'ona. "Utapata homa. Ni wale ndege."

Aliinua kidole kumnyamazisha. Machozi yalikuwa yamemlowesha shavu, na yalikuwa yamefanya doa jeusi kwenye saruji.

"Ameniita kaka," alisema.

Mama Vigae alisimama pale, miguu imemfa ganzi kwa baridi. Alikumbuka aliyoyasema daktari, yote, akayatafuta maneno ya kumwambia mumewe, akaona hayafai hata moja. Akapiga magoti. Akajilaza kando yake, akamshika mkono, akaliweka sikio lake juu ya saruji. Chini kuliguna, kukapanda, kukacheka, kukanyamaza. Alisikia ndege. Akaendelea kusikiliza.